Redio ya mbao inapokoroma, usianze na skrubu

[Sauti: redio ya zamani ikikoroma na kupiga miluzi. Inashuka taratibu.]

MTANGAZAJI:  Swali la leo limetoka mjini Kigali, mtaa wa Kabeza, upande wa uwanja wa ndege. Msikilizaji mwenzetu ameachiwa redio ya mbao na mwenye nyumba wake. Ni zile za vali, vichupa vya kioo vinavyowaka wekundu ndani kama makaa. Redio inawaka, ila inakoroma tu, na stesheni zinasikika kama mtu anayeongea ng'ambo ya mto. Ameambiwa kwamba skrubu za ndani zimelegea, alipe zikazwe. Anauliza: alipe, au pesa hiyo aiweke kwenye kodi ya nyumba?

Ndugu yetu, usilipe kwanza. Skrubu hizo si za kushikilia kitu, na hazilegei kama za kitanda. Kila moja inapanga masafa ya sehemu fulani ya redio. Aliyeipanga kiwandani alitumia kipimo, na mtu akiizungusha kwa kubahatisha, redio iliyokuwa inasikia kidogo itaacha kusikia kabisa. Redio nyingi za namna hii zimeharibiwa na bisibisi.

Kabla ya kuilaumu redio, tujiulize kuna nini cha kusikia. Tangu mwaka 1965 Deutsche Welle ilikuwa na kituo cha kurushia matangazo pale Kinyinya, Kigali, kwenye masafa mafupi. Kilikuja kuwa na mitambo minne, kila mmoja wa kilowati 250. Kwa aliyekaa Kabeza enzi hizo, hata redio mbovu ilipata kitu. Kituo hicho kilifungwa Machi 2015, na mashirika mengi ya utangazaji yamepunguza masafa mafupi na kuhamia FM, setilaiti na simu. Nazo redio nyingi za mbao hazina FM. Stesheni za Kigali unazosikiliza kwenye simu huwezi kuzipata humo, hata fundi akeshe nayo mwezi mzima.

Basi ijaribu kwa saa zake. Mchana, sehemu yenye uhai kwenye masafa mafupi ni mita 16 na 19. Jua likizama, nenda mita 31, 41 na 49. Masafa ya kati yanafika mbali usiku tu. Anayewasha saa saba mchana kwenye masafa ya kati, akasikia mvumo tu, hajajua lolote kuhusu redio yake.

Sasa tazama mgongo wa redio. Mara nyingi kuna matundu mawili, moja la antena na moja la ardhi. Watu wa zamani hawakuishia kuiweka redio mezani. Walitandika waya kutoka dirishani hadi kwenye mti au nguzo yao. Nyumba yenye bati huzuia mawimbi, kwa hiyo waya lazima utoke nje. Mita 10 za waya wa kawaida wenye ganda zinatosha, juu kadiri uwezavyo, mbali kabisa na nyaya za umeme. Mvua ya radi ikikaribia, uwe umeshauchomoa. Waya wa ardhi, uliofungwa kwenye chuma kilichochimbiwa penye unyevu, uweke tu ikiwa tundu lake lipo. Usiufunge kwenye chuma cha ndani: kuna redio zisizo na transfoma ambazo chuma hicho kimeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani.

Kipimo cha bure ni hiki. Chomeka antena huku redio ikiwa imewashwa. Mvumo ukipanda sana, redio inasikia, na tatizo liko nje: waya mfupi, saa mbaya, au kelele za vyombo vya nyumbani. Chaja za simu, balbu za LED na vidhibiti vya sola hurusha kelele nyingi kuliko watu wanavyodhani. Vizime kimoja kimoja usikilize. Wakati mwingine mwenye kosa ni chaja ya jirani. Lakini kama kuchomeka antena hakubadilishi chochote, ugonjwa uko ndani.

[Sauti: swichi, kisha mvumo mzito wa vali zikipata moto.]

Ndani usiingie mwenyewe. Vali zinafanya kazi kwa volti 200 hadi 250, na kapasita kubwa hubaki na umeme huo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Fundi wa simu anaweza kuwa hodari sana, lakini mkono wake umezoea volti 5. Tafuta aliyewahi kushika vali, na umuulize maswali kabla ya kumwachia redio.

Muulize ataiwashaje. Fundi mzuri ataangalia kwanza kichagua volti cha nyuma. Umeme wa Rwanda ni volti 230, na redio iliyoachwa kwenye 110 au 127 itaungua. Redio iliyolala miaka mingi ataiwasha kupitia balbu ya kizamani ya waya, ya wati 60 hivi, iliyofungwa kwa mfululizo. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti, naye atazima kabla transfoma haijaungua.

Muulize pia ataanza wapi. Akijibu “vali”, msikilize kwa tahadhari. Vali hulaumiwa kwanza, na mara nyingi hazina kosa. Pengine miguu yake tu ina kutu na inataka kusafishwa. Wagonjwa wa kawaida ni kapasita za karatasi na nta. Kwa miaka mingi zinavuta unyevu na kuanza kupitisha umeme zilioumbwa kuuzuia. Ile inayopeleka sauti kwenye vali ya mwisho, kwa mfano EL84, ikivuja, sauti inakwaruza na vali yenyewe inapikika hadi kufa. Zile za mfumo unaojirekebishia nguvu ya kupokea zikivuja, mfumo huo haufanyi kazi sawasawa. Hizo ni vitu vidogo, na mpya za plastiki haziharibiki haraka. Mara nyingi stesheni hurudi hapo, kabla ya skrubu hata moja kuguswa.

Ndipo tunafika kwenye skrubu zenyewe. Fikiria mfanyabiashara wa nafaka anayepima kila kitu kwa debe moja, mahindi, maharage, mtama. Redio nayo hugeuza kila stesheni kuwa masafa ya aina moja, mara nyingi kilohezi 455 au karibu na hapo. Ukitafuta stesheni ya kilohezi 900, ndani yake redio inazalisha 1355. Tofauti ya hizo mbili ni 455, na hiyo ndiyo inayokuzwa. Skrubu za koili zinapanga debe hilo. Likipinda, kila stesheni inapimwa vibaya, iwe ya karibu au ya mbali.

Kulinyoosha kunahitaji kifaa kinachotoa mawimbi ya majaribio, na karatasi ya redio hiyo inayoonyesha masafa yake, maana si zote ni 455. Fundi anaingiza mawimbi hafifu, anaanza na koili za mwisho, zilizo karibu na spika, kurudi nyuma, akizungusha kila moja hadi sauti iwe juu kabisa. Redio yenye jicho la kijani humsaidia: linavyozidi kufumba ndivyo stesheni inavyopokelewa vizuri. Kisha anapanga kioo cha masafa: upande wa chini, karibu na 600, kwa skrubu ya koili, upande wa juu, karibu na 1500, kwa kapasita ndogo ya kurekebishia. Ukigusa huku, kule kunasogea, kwa hiyo anarudia mara kadhaa. Chombo chake ni cha plastiki, hata sindano ya kufumia iliyochongwa. Bisibisi ya chuma inabadilisha masafa kwa kukaribia tu, na huvunja kiini cha koili, ambacho kupata kingine ni shida. Kabla ya kuzungusha anaweka alama ya rangi, ili aweze kurudi alipoanzia.

Msikilizaji wa kambini, najua hutapata pa kuichomeka redio ya mbao. Inakula wati 40 hadi 60, na paneli ndogo ya sola haiwezi. Lakini kijiredio chako cha betri, kama kina masafa ya kati, ndani yake kina vikoili vidogo vyenye vichwa vya njano, vyeupe na vyeusi. Vingi navyo vinapanga 455. Usiviguse. Kama kinapokea masafa mafupi, funga mita 3 au 4 za waya kwenye antena yake ya kuvuta, uupitishe nje ya hema au bati, kisha ujaribu tena saa moja jioni ukiwa na chaja zote zimezimwa.

[Muziki.]