Faili Moja, Wapokeaji Mia Sita

Utangazaji wa data ni kazi ya kutoa faili mahali pamoja na kuifikisha kwa wapokeaji wengi kwa wakati mmoja, bila kumhudumia kila mmoja peke yake. Redio hufanya hivyo kwa sauti. West FM ikizungumza kutoka mjini Bungoma, magharibi mwa Kenya, msikilizaji wa Chwele hampunguzii kitu wa Kimilili, na mtambo hauongezewi mzigo kwa sababu wasikilizaji wameongezeka. Hata hivyo, sauti ina nafuu ambayo faili haina. Neno moja likimezwa na mngurumo wa radi, msikilizaji hukisia maana na kuendelea. Faili ya programu au ya kitabu cha darasa ikipungukiwa na biti chache tu, huenda isifunguke kabisa.

Intaneti ya kawaida hulimaliza tatizo hilo kwa risiti. Faili hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, kila pakiti hupewa nambari, na mpokeaji hujibu kwamba ameipata. Jibu lisipofika, pakiti hutumwa tena. Msingi wa utaratibu huo, TCP, ulichapishwa na Vint Cerf na Bob Kahn mwaka 1974, na kwa watu wawili wanaopelekeana faili unafanya kazi vizuri sana.

Shida huanza wapokeaji wanapokuwa wengi. Chukua mfano wa faili ya megabaiti 500 inayotakiwa kufika katika shule 600 za Bungoma na Trans Nzoia. Kila shule ikihudumiwa peke yake, seva italazimika kutoa gigabaiti 300. Faili ikitangazwa, zitapita megabaiti 500 pekee, na shule zote zitazipokea kwa pamoja. Lakini hapo risiti hazifai tena, kwa sababu kila shule itakosa pakiti zake tofauti na kuomba zake. Ni kama baraza la chifu ambamo kila aliyepitwa na neno anapaza sauti arudiwe neno lake: chifu hatamaliza habari hata jua litue. Isitoshe, dishi la setilaiti na king'amuzi cha televisheni hupokea tu. Havina njia ya kurudisha jibu, hata vikitaka.

Dawa ya kwanza ilikuwa kurudia. Faili hutangazwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha huanza upya, usiku na mchana, kama matatu inayozunguka njia moja: aliyeikosa steji huingoja irudi. Mwenye king'amuzi ameuona mzunguko huu bila kuujua jina. Programu yake inaposasishwa kupitia antena, asilimia zinaweza kupanda haraka hadi 90 na ushei, kisha zikasimama. Hesabu yake ni hii. Faili ina pakiti 1,000 na hali ya hewa inaangusha moja katika kila kumi. Raundi ya kwanza inaacha pengo la pakiti 100, ya pili 10, ya tatu 1. Raundi ya nne nzima husubiriwa kwa ajili ya pakiti moja, huku mamia ya pakiti ambazo tayari zimo mkononi zikipita tena bure.

Dawa ya pili ilitoka kwa wanahisabati. Claude Shannon alionyesha mwaka 1948 kwamba ujumbe unaweza kufika salama katika njia yenye kelele, mradi ufungwe kwa namna inayofaa. Richard Hamming akachapisha msimbo wa kusahihisha makosa mwaka 1950, na mwaka 1960 Irving Reed na Gustave Solomon wakatoa msimbo ambao baadaye ulitumika hata katika sidii za muziki. Miaka hiyohiyo Robert Gallager wa chuo cha MIT alibuni msimbo mwingine, wa LDPC, uliosahaulika kwa zaidi ya miaka 30 kwa sababu kompyuta za wakati huo hazikuwa na uwezo wa kuufanyia kazi. Leo msimbo wa Gallager umo ndani ya DVB-T2, mfumo wa televisheni ya dijitali unaotumiwa na Kenya, iliyozima mitambo ya analogi mwaka 2015. Kila picha inayoonekana Webuye kupitia king'amuzi cha antena imepita katika hesabu zake.

Misimbo hiyo ilikuwa na mpaka wake, nao ni mpaka unaouma. Mtumaji alipaswa kukadiria mapema ni pakiti ngapi zitapotea. Akikadiria chache, aliye kwenye mvua kubwa hapati faili. Akikadiria nyingi, aliye kwenye jua anapotezewa muda. Mwaka 1998 John Byers, Michael Luby, Michael Mitzenmacher na Ashutosh Rege walipendekeza kuuondoa mpaka wenyewe. Mtumaji awe chemchemi: atoe pakiti bila kikomo, kila moja ikiwa mchanganyiko wa vipande kadhaa vya faili. Anayekinga debe hajali ni tone gani limeingia na lipi limemwagika nje. Debe likijaa, maji ni yaleyale.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha siri hiyo. Faili ina vipande vitatu, navyo ni 7, 4 na 9. Shule ya kwanza inapata pakiti tatu: kipande cha kwanza, yaani 7, jumla ya cha kwanza na cha pili, 11, na jumla ya cha pili na cha tatu, 13. Ikitoa 7 katika 11 inapata 4. Ikitoa 4 katika 13 inapata 9. Shule ya pili imekosa ile pakiti ya 7, lakini imepata kipande cha pili peke yake, 4, pamoja na zile jumla mbili. Nayo inafika palepale: 7, 4, 9. Hakuna kati yao iliyowahi kupokea kipande cha tatu kikiwa peke yake, wala iliyoomba kurudiwa. Kompyuta hutumia operesheni ya biti badala ya kujumlisha, lakini mantiki haibadiliki.

Luby alichapisha msimbo wa kwanza wa aina hiyo, LT, mwaka 2002. Amin Shokrollahi akauboresha kwa msimbo wa Raptor, ambao kazi yake ya kufungua faili ni nyepesi zaidi. Kampuni ya Luby, Digital Fountain, ilinunuliwa na Qualcomm mwaka 2009, na mwaka 2011 toleo la RaptorQ likawekwa katika kiwango cha kimataifa cha RFC 6330. Uwezo wake unastaajabisha: faili ikiwa na vipande 1,000, anayepokea pakiti zozote 1,002 hushindwa kuifungua mara moja tu katika majaribio kama milioni moja. Huu ni uvumbuzi unaostahili kujulikana kuliko unavyojulikana.

Katika eneo hili, haja ya utangazaji wa data inafuata mto. Nzoia hukusanya mvua za Trans Nzoia, huporomoka kwenye maporomoko ya Nabuyole karibu na Webuye, kisha hufurika Budalang'i kabla ya kuingia Ziwa Viktoria. Mvua ya Kitale ni habari ya dharura kwa watu walio mbali. Kwa habari kama hizo, mradi wa RANET, uliotokana na kituo cha hali ya hewa cha ACMAD huko Niamey, ulitumia setilaiti ya AfriStar iliyorushwa mwaka 1998 na WorldSpace, kampuni ya Noah Samara mzaliwa wa Ethiopia. Faili za hali ya hewa zilitangazwa kutoka angani hadi kwenye redio ndogo iliyounganishwa na kompyuta, pasipo simu wala bili ya intaneti. WorldSpace iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2008. Mguu wa pili wa RANET, redio za jamii za FM, ulibaki, na miongoni mwake ni Bulala FM ya Budalang'i.

Shule nazo zina nusu ya mtambo tayari. Mpango wa kompyuta kwa shule za msingi, ulioanza kugawa vifaa mwaka 2016, ulizipelekea pia seva ndogo na ruta ya kusambaza masomo darasani bila intaneti. Seva hiyo ikipokea faili mara moja, watoto wote huhudumiwa nayo papo hapo. Kinachokosekana ni njia ya bei nafuu ya kuijaza masomo mapya, na hapo msimbo wa chemchemi unashinda kupakua faili mara 600. Ulinzi mmoja ni wa lazima: faili iliyotangazwa ibebe saini ya kidijitali, kwa kuwa mpokeaji asiyeweza kuuliza hawezi pia kumhoji mlaghai.

Maandishi ya RFC 6330 yanasomwa bure mtandaoni na yeyote. Wakufunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii na wa Kitale National Polytechnic wawape wanafunzi wao maandishi hayo, ili waandike programu yake na waijaribu kwa shule mbili wakati wa mvua za Aprili.