Barua Zilipokatika Waterloo

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari ya nyumba moja mjini Waterloo, jimbo la Iowa, Marekani, mbali kabisa na bahari. Januari 1942, ndugu watano wa nyumba hiyo, George, Francis, Joseph, Madison na Albert Sullivan, waliingia jeshi la majini kwa sharti moja: wasitenganishwe. Wote wakapangiwa manowari Juneau. Mama yao, Alleta, akabaki kungoja barua.

Baharia wa vitani hakuandika apendavyo. Alikatazwa kutaja meli ilipo au inakoelekea. Afisa aliisoma barua kwanza, na neno la hatari akalikata kwa wembe. Kwa hiyo barua zilijaa salamu, habari za chakula na maswali ya nyumbani. Nyingi zilipigwa picha kwenye filamu ili zisijaze ndege, kisha zikachapishwa upya, ukubwa wa kiganja. Familia zilizipokea kwa furaha hivyo hivyo. Ukiuona mwandiko wa mwanao, unajua kwamba siku ile alikuwa hai.

Kisha barua zikakatika.

Tarehe 13 Novemba 1942, karibu na kisiwa cha Guadalcanal, nyambizi ya Japani iliipiga Juneau kwa torpido, ikazama upesi. Jeshi likaificha habari, adui asijue hasara hiyo. Lakini baharia mwingine alimwandikia mama yake Waterloo, na mama huyo akamwendea Alleta: nasikia wanao wote watano wameuawa. Uvumi ukaenea mji mzima, na serikali bado kimya. Hebu fikirieni usiku wa mama yule!

Januari 1943 Alleta akaliandikia jeshi. Katika barua zote za vita ninazozijua, hii ndiyo niipendayo zaidi. Halaumu mtu. Anasema hakutaka kuwasumbua, anaomba tu aambiwe kama ni kweli. Anakiri ilikuwa vigumu kuwatoa wana watano kwa mpigo, lakini anajivunia. Tena alikuwa amealikwa kuzindua meli Tawasa huko Portland. Anaahidi kwenda hata kama wanawe wamepatwa na jambo, kwa kuwa wao ndio waliotaka aende.

Tarehe 12 Januari maafisa walibisha hodi asubuhi, baba yao akijiandaa kwenda kazini kwake kwenye reli. Wakasema wote watano wametoweka vitani. Rais Roosevelt mwenyewe akamwandikia Alleta. Na Februari mama huyo akasafiri hadi Portland, akaizindua Tawasa.