Somo la Nuru Ndani ya Bakuli

Wazazi wapenzi, na ninyi vijana wa kanisa, Mwanzo sura ya 1 inatufundisha kwamba nuru ilitangulia jua na mwezi. Lakini watoto wetu wengi wanaijua nuru ubaoni tu: wanaandika, wanakariri, wanasahau. Tuwafundishe kwa mikono.

Chukua bakuli la bati, weka ndani jiwe dogo. Mtoto arudi nyuma mpaka ukingo wa bakuli ufiche lile jiwe, kisha asimame pale pale. Mwenzake amwage maji polepole, jiwe lisisogee. Haya! Jiwe linaonekana tena, na hakuna aliyeligusa.

Sababu gani? Hewani nuru inakimbia kilometa 300 000 hivi kwa sekunde moja. Majini inapunguza mwendo mpaka 225 000 hivi. Ikitoka majini kwa mshazari, inapinda. Jicho linadhani nuru imekuja moja kwa moja, basi linaona jiwe juu kuliko pale lilipo.

Hapa si mchezo tu. Watoto wa Goma wanachota maji Ziwa Kivu. Kule Rubaya ama Walikale, shimo la zamani la machimbo linajaa mvua. Maji masafi ya meta 2, ukiyatazama toka juu, yanaonekana kama meta 1 na nusu. Kijana anadhani yatamfika kidevuni, kumbe yanamfunika kichwa. Na yakiwa ya matope, ndiyo haoni chini kabisa.

Somo la pili ni la macho. Siku ya Mungu, tarehe 3 Novemba 2013, mwezi ulifunika sehemu ya jua hapa Goma. Kule Pakwach, Uganda, ulilifunika lote. Siku kama ile mtoto anatamani kulikazia jua macho, nalo linaweza kuunguza jicho ndani bila yeye kusikia maumivu. Afanye hivi: atoboe karatasi ngumu kwa sindano, aligeuzie jua mgongo, aache nuru ipite kitunduni na kuanguka juu ya karatasi nyeupe. Pale ataona sura ya jua. Asichungulie kitunduni hata kidogo!

Baba, mama, kazi hii haiombi franga. Bakuli liko jikoni, jiwe liko mlangoni. Mtoto akiisha kujaribu, umwulize: "Shimo lile lina kina gani?" Akijibu, "Sijui, na sishuki," amefaulu.