Kompyuta ya Linux ikisema haiujui mfumo wa faili, usikimbilie kufomati

Diski ya kompyuta ya shule imeanza kuchoka. Fundi analeta diski mpya, anaifomati kwa flashi yenye Linux ya karibuni, kisha anahamishia humo kila kitu: barua, orodha za wanafunzi, matokeo ya mitihani. Anapofika hatua ya kurudisha butiloda, au pengine mashine inapowashwa, kioo kinaandika unknown filesystem, yaani mfumo wa faili haujulikani. Hapo wengi huamini diski mpya ni mbovu, na wengine hufomati tena.

Tunasema subirini. Mara nyingi mafaili yote yamo.

Butiloda ni programu ndogo inayotangulia. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, Linux bado imelala ndani ya diski, na lazima kitu kingine kiende kuiamsha. Kwenye kompyuta nyingi kazi hiyo hufanywa na GRUB. Sasa GRUB haiwezi kuitegemea Linux iisomee diski, maana Linux yenyewe haijaamka. Inabeba ujuzi wake wa kusoma mifumo ya faili kama ext4, XFS na Btrfs, na usipohuishwa, ujuzi huo unapitwa na wakati. (Simu ya Android nayo hutumia Linux, ila kiini chake hukaa katika sehemu ya peke yake isiyo na mfumo wa faili, ndiyo maana simu yako haikutani na mkasa huu.)

Mfano mzuri ni wa mwaka 2023. Februari lilitoka toleo la 1.47.0 la e2fsprogs, zana zinazofomati ext4. Likaanza kuwasha lenyewe kipengele kiitwacho metadata_csum_seed, kinachoruhusu kubadilisha namba ya utambulisho ya mfumo wa faili huku ukiendelea kutumika. Ni manufaa madogo kwa mtu wa kawaida, lakini kipengele hicho huacha alama kwenye diski: asiyenielewa asifungue. GRUB 2.06 haikukielewa, ikakataa. GRUB 2.12, ya Desemba 2023, inakielewa. Debian 12 ilikizima mapema, jambo lisilomsaidia aliyefomati kwa flashi ya Linux nyingine.

Kwa hiyo washa kompyuta kwa flashi ileile. Mafolda yakifunguka, nakili kwanza vitu vya thamani mahali pengine. Yasipofunguka, au diski ikiwa inagongagonga, hilo ni tatizo jingine kabisa.

Baada ya hapo, njia nyepesi ni kuweka GRUB mpya zaidi. Isipowezekana, fundi anaweza kutenga sehemu ndogo ya diski kwa ajili ya /boot na kuifomati kwa ext2, mfumo wa zamani ambao GRUB inausoma bila shida. Au akizime kipengele chenyewe, diski ikiwa haitumiki, kwa amri hii:

sudo tune2fs -O ^metadata_csum_seed /dev/sda2

Amri hiyo haifuti mafaili. Hapo sda2 ni mfano tu. Jina halisi lithibitishwe kwanza kwa lsblk, hasa diski ya zamani na mpya zikiwa zimechomekwa pamoja.