Tetekuwanga na Mgeni Mja Mzito

Wifi yangu alifika Nairobi siku ya Ijumaa kwa treni ya kutoka Mombasa, mimba yake ikiwa ya miezi minne, akapokewa kwetu Kangemi kwa haluwa na kahawa. Mwanangu wa miaka sita alimlalia mapajani jioni nzima. Jumamosi asubuhi, nilipomvua mtoto fulana ili aoge, niliona kifuani pake vipele vyekundu, viwili vikiwa tayari vimejaa maji. Ilikuwa tetekuwanga.

Wengi hudhani hatari huanza siku vipele vinapoonekana. Sivyo. Virusi vyake huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza, kwa pumzi na kikohozi, na huendelea mpaka lengelenge la mwisho likauke na kufanya kigaga. Kumtenga mgeni Jumamosi kusingefuta ya Ijumaa. Naye aliyeambukizwa hukaa siku 10 hadi 21 bila kujijua, akipanda matatu za Waiyaki Way na kwenda kuswali Jamia katikati ya mji kama kawaida.

Swali likawa moja: je, wifi aliwahi kuugua utotoni? Mwenyewe hakumbuki. Tukampigia simu mama yake, Mji wa Kale. “Ulitoka vipele mwaka ule wa mvua za El Niño, mwanangu,” alisema, kisha akasita. “Au ilikuwa surua?”

Aliyeugua mara moja kwa kawaida hupata kinga ya maisha, ingawa virusi hubaki vimelala mwilini na huweza kuamka uzeeni vikaleta mkanda wa jeshi. Katika nchi za baridi zisizochanja, karibu kila mtoto hupata kinga hiyo mapema. Katika nchi za joto kama pwani yetu, wengi zaidi hufika ukubwani hawajaugua. Kwa mtu mzima tetekuwanga huweza kushuka mapafuni ikaleta nimonia, na mja mzito huzidi kuwa hatarini. Katika wiki 20 za mwanzo upo uwezekano, mdogo lakini wa kweli, wa kumdhuru mtoto tumboni. Na mama akitokwa na vipele siku chache kabla au baada ya kujifungua, mtoto mchanga huweza kuugua vibaya sana.

Basi mja mzito aliyekaa na mgonjwa asingoje kipele. Wifi alikwenda kliniki mjini siku ile ile, damu ikachukuliwa ili kupima kinga. Asiye na kinga akiwahi, daktari huweza kumpa dawa ya kumlinda. Siku zikipita, faida yake hupungua.

Tukingoja majibu, tulimshughulikia mtoto. Tulimkata kucha, tukamwogesha maji ya uvuguvugu (kumnyima mtoto kuoga ni desturi isiyo na maana), tukampaka losheni ya kalamini. Kwa homa alipewa parasetamoli. Aspirini asipewe kamwe, kwani huweza kudhuru ini na ubongo. Na ibuprofeni, ambayo maduka ya dawa huiuza kama peremende, iepukwe pia. Majani ya mwarobaini katika maji ya kuogea sina ugomvi nayo, ila mafuta yake kumnywesha mtoto ni hatari.

Majirani waliuliza kama ni mpox. Tangu mgonjwa wa kwanza nchini atangazwe tarehe 31 Julai 2024, huko mpakani Taveta, kila lengelenge huzua hofu. Tetekuwanga huwasha, huanza zaidi kifuani, mgongoni na usoni, na utaona vipele vipya, malengelenge na vigaga pamoja. Mpox aghalabu huvimbisha tezi na kufika viganjani na nyayoni. Mwenye shaka aende hospitali.

Jumatatu majibu yalikuja: kinga anayo. Alhamdulillahi, mama alikuwa amekumbuka sawa.

Chanjo ipo, dozi mbili, lakini haimo katika chanjo za bure za serikali. Hupatikana hospitali za binafsi kwa kulipia. Mja mzito hachanjwi. Binti ambaye hajaugua achanjwe angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, na wazazi wanaojiandaa kwa harusi wangeihesabu pamoja na gharama za maulidi na hina.

Mtoto alirudi madrasa siku ya nane, vigaga vyote vikiwa vimekauka. Katika kitabu chake cha kliniki nimeandika kwa kalamu ya wino: tetekuwanga, mwezi na mwaka.