Mbuzi Aitwaye Kondoo

Mtoto wa Singida akionyeshwa picha ya mbuzi hulitaja jina lake mara moja, maana mbuzi amewaona tangu alipokuwa akitambaa. Lakini juu ya picha ile na liandikwe neno KONDOO, kisha mtoto aambiwe ataje picha tu, asilijali neno. Atakawia. Ukawio huo ni mdogo, hata sekunde moja haifiki, lakini upo. Na pengine ulimi huteleza akasema "Kondoo", wenziwe wakacheka. Likifutwa neno hilo na kuandikwa JEMBE, atakawia pia, ila si kama kwanza.

Sababu yake ni hii. Akili ikimwona mbuzi haiamshi jina moja peke yake. Ni kama mchungaji asimamaye mlangoni pa zizi: amwita mmoja, na wenziwe husogea pamoja naye. Kondoo ni wa zizi lile lile, na neno lililoandikwa humsukuma mbele, hata ni kazi kumrudisha. Jembe si la zizini, hukataliwa upesi.

Basi watoto wengi wa Singida wana mazizi mawili, la Kinyaturu au Kinyiramba, na la Kiswahili. Wataalamu waliowapima watu wa lugha mbili wamewaona wakikawia kidogo katika kutaja picha kuliko watu wa lugha moja. Wengine wao husema kwamba majina yote mawili huamka pamoja, na moja sharti linyamazishwe. Kwa hiyo mwalimu amwitaye mtoto wa namna hii mzito, kwa kuwa alinyamaza kitambo mbele ya picha, humdhulumu.

Lakini kwa nini mtoto asilipuuze tu neno lile? Kwa sababu aliyezoea kusoma hawezi kujizuia asisome. Mwaka 1935 John Ridley Stroop wa Marekani aliwapa wanafunzi viraka 100 vya rangi. Walizitaja rangi zake kwa sekunde 63 hivi. Kisha akawapa majina 100 ya rangi yaliyopigwa chapa kwa wino wa rangi nyingine, wataje wino tu. Walitumia sekunde 110.

Mdogo wake mtoto yule, asiyejua herufi hata moja, akionyeshwa picha ile ile husema "Mbuzi" papo hapo. Kwake yeye KONDOO ni mistari tu.