Mkimbizi Mlangoni pa Kliniki: Haki Zake na Wajibu Wetu

Mkimbizi kutoka Burundi anapouliza alipo "umuganga", anamtafuta daktari. Mkongo kutoka Kivu ya Kusini akisema anataka kumwona "munganga", naye hana nia nyingine. Huku kwetu, ingawa Serikali imekuwa na cheo cha Mganga Mkuu wa Wilaya kwa miaka mingi, mgonjwa akitamka dirishani kwamba amekwisha kupita kwa mganga, wengi wetu tunawaza hirizi na tunguri, na swali linalofuata huulizwa kwa ukali. Mgonjwa hunyamaza. Dawa alizopewa huko alikotoka hazitaandikwa katika jalada lake, wala ugonjwa uliotambuliwa na daktari wa kwanza hautajulikana. Haki ya matibabu huweza kukwama hivyo, hali dawa ipo na mlango u wazi.

Mkoa wa Kigoma unayajua mambo haya kuliko mikoa mingine. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imekuwapo tangu mwaka 1996, ilipoanza kuwapokea Wakongo waliokimbia vita. Mwaka 2015 Warundi nao walimiminika, na kambi ya Nduta huko Kibondo ikafunguliwa upya. Kabla yao walikuwapo Warundi wa mwaka 1972, waliopewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Zaidi ya 160,000 kati ya hao pamoja na watoto wao hatimaye walipewa uraia wa Tanzania. Kwa hiyo anayedhani ukimbizi ni jambo la majuma machache, la mahema na mgawo wa unga tu, atazame miaka hiyo: mtoto aliyezaliwa Nyarugusu ilipofunguliwa leo huenda ni mzazi.

Lililotokea Kagunga mwaka 2015 linastahili kukumbukwa na kila mhudumu wa afya. Kagunga ni kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, karibu na mpaka wa Burundi. Makumi ya maelfu ya watu walijikuta hapo, vyoo havitoshi, maji ya kunywa ni ya ziwani. Meli kongwe ya MV Liemba ilitumika kuwavusha kuelekea Kigoma mjini, lakini kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuingia. Kufikia tarehe 22 Mei mwaka huo wagonjwa walikuwa takribani 3,000 na waliokufa 31. Wawili kati ya waliokufa walikuwa wenyeji. Hesabu hiyo ndogo ya watu wawili ni jibu tosha kwa wanaouliza kwa nini fedha za afya zitumike kwa wageni. Maji safi, chumvichumvi za kurudisha maji mwilini na vyoo vilivyochimbwa kwa ajili ya wakimbizi vilimlinda pia mvuvi wa Kagunga. Kadhalika hospitali za kambini zimekuwa zikiwatibu wanavijiji wa jirani, na mgonjwa wa kambini anayezidiwa hupewa rufaa kwenda hospitali za wilaya au Maweni, Kigoma mjini. Tegemeo ni la pande zote mbili.

Tukija kwenye sheria, kuna maneno mawili ambayo huchanganywa. Mwomba hifadhi ni yule ambaye maombi yake hayajaamuliwa. Mkimbizi ni yule aliyekwisha kutambuliwa. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 unamwangalia zaidi mtu anayeogopa kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, siasa au kundi lake katika jamii. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ulipanua maana hiyo, ukawaingiza wanaokimbia vita, uvamizi na machafuko makubwa, maana Afrika ilijua kwamba risasi haiulizi siasa ya mtu. Tena mkataba huo unasema kumpa mtu hifadhi si kitendo cha uadui dhidi ya nchi aliyotoka. Mikataba yote miwili inakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yatakuwa hatarini. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998, kwa upande wake, inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze kwa mamlaka ndani ya siku 7 tangu kuingia nchini, na inawataka wakimbizi kuishi katika maeneo yaliyotengwa, wakitoka kwa kibali. Unaweza kuipenda au kutoipenda kanuni hii ya vibali. Mimi naona inawabana mno wagonjwa wa muda mrefu. Lakini muuguzi si ofisa uhamiaji. Kazi yake haianzi kwa kuuliza kibali, huanza kwa kupima homa.

Na siri ya mgonjwa ni siri, awe ana kitambulisho au hana. Wewe msomaji uliye mkimbizi, unayo haki ya kuuliza habari zako zitaandikwa wapi na nani atazisoma. Unayo haki pia ya kukataa kutafsiriwa na jirani yako. Kwa mhudumu, hili la ukalimani lisichukuliwe kuwa jambo dogo. Kumtumia mtoto wa miaka 10 kumweleza daktari juu ya damu inayomtoka mama yake ni kumwonea mtoto na kumnyima mama tiba, kwa kuwa mama atasema nusu tu. Kambini wapo wahudumu wa afya ya jamii ambao wenyewe ni wakimbizi. Waliofundishwa kutunza siri ndio wakalimani wa kuanzia.

Jambo zito kuliko yote ni la wanawake waliobakwa, wengine njiani, wengine wakitafuta kuni nje ya kambi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafaa zikianza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Za dharura za kuzuia mimba, ndani ya saa 120. Saa hizo huanza kuhesabiwa tangu tukio, si tangu fomu ijazwe. Aanzishiwe dawa kwanza, karatasi zifuate, na asilazimishwe kusimulia mara tatu kwa watu watatu.

Mtoto asiye na kadi ya chanjo asirudishwe nyumbani. Akikosa kumbukumbu, huhesabiwa kuwa hajachanjwa, na dozi ya ziada ya surua haimdhuru. Katika mmiminiko wa wakimbizi, chanjo hiyo hutolewa kuanzia miezi 6 hadi miaka 15.

Kuna pia safari ya kurudi. Tangu mwaka 2017 misafara ya Warundi wanaorejea kwao imekuwa ikiondoka Kigoma, na kati yao wamo wenye kifua kikuu, ambao matibabu yao ya kawaida huchukua miezi 6, na wenye VVU ambao dawa zao ni za maisha. Mgonjwa wa namna hiyo aondoke na dawa za kumtosha hadi afike kituo kingine, na karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko unaosomeka: jina la dawa kama lilivyo kitaalamu, kipimo, na tarehe ya dozi ya kwanza. Karatasi hiyo akabidhiwe mwenyewe mkononi, kabla ya siku ya basi.